"Ndiyo, mwalimu" inayomtia hofu mwalimu wa urubani

Msomaji mpenzi, kama una mtoto nyumbani anayeimba kila siku kwamba akimaliza shule atakuwa rubani, bila shaka umekwisha kupiga hesabu ya karo ukashika kichwa. Umeuliza bei ya vyuo vya Wilson hapa Nairobi, ukauliza ya Afrika Kusini, na pengine jamaa aliye Marekani amekutajia ya Florida au Arizona. Kote huko ni mamilioni ya shilingi. Lakini kuna swali moja ambalo wazazi wengi hawaulizi: ni nani hasa atakayeketi kando ya mwanangu siku ya kwanza magurudumu ya ndege yakiacha ardhi?

Jumapili hii tumtazame mtu huyo. Namzungumzia mwalimu wa urubani, hasa yule ambaye wanafunzi wake wamevuka bahari kumfuata: Mchina, Mhindi, Msaudi, Mnijeria na, naam, Mkenya wetu aliyeagwa uwanjani Jomo Kenyatta akiwa na sanduku moja na matumaini ya ukoo mzima. (Mimi mwandishi wenu hupata kizunguzungu nikipanda ngazi ya kubadilishia balbu, kwa hivyo msitarajie nijifanye shujaa wa angani.)

Desturi ya kuwapeleka vijana ng'ambo kujifunza kuruka haikuanza jana. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, anga ya Uingereza ilijaa mawingu na ndege za adui, nayo haikuwa mahali pa kumfundishia mtu anayeanza. Vijana wake wakapelekwa Kanada, Rhodesia, Afrika Kusini, na kuanzia 1941 hata Arizona, katika uwanja uitwao Falcon Field ulio karibu na mji wa Mesa. Baadhi yao walikufa mafunzoni na makaburi yao yangali Mesa hadi leo. Vita vikaisha lakini jua la Arizona likabaki, na kwa miongo mingi shirika la Lufthansa la Ujerumani lilikuwa likiwapeleka wanafunzi wake Goodyear, jirani na Phoenix. Hapa kwetu, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilianzisha chuo cha urubani mjini Soroti, Uganda, mwaka 1971, ili Mkenya, Mtanzania na Mganda wafunzwe pamoja. Jumuiya hiyo ilivunjika 1977. Chuo hakikuvunjika.

Turudi kwa mwalimu wetu. Ukimwona katika chuo cha Florida au Arizona unaweza kumdhania mwanafunzi, maana mara nyingi ni kijana wa miaka ishirini na ushei, miwani ya jua usoni, chupa ya maji mkononi. Sheria ya Marekani humruhusu mtu kuwa mwalimu wa urubani akiwa na miaka 18, mradi ana leseni ya rubani wa kibiashara na amepita mitihani ya ualimu. Na kuna sababu kubwa inayowafanya vijana wengi waikimbilie kazi hii. Mnamo Februari 2009 ndege ya abiria ilianguka karibu na jiji la Buffalo, jimbo la New York, ikaua watu 50. Baada ya msiba huo sheria zilikazwa, na tangu 2013 anayetaka kuwa rubani wa shirika la abiria nchini humo sharti, kwa kawaida, awe na saa 1,500 za kuruka. Wanaotoka vyuo fulani na jeshini hupunguziwa kiasi.

Sasa fikiria. Kijana aliyehitimu leseni ya kibiashara ana saa 250 hivi. Zile 1,250 zilizobaki atazitoa wapi? Kukodi ndege kwa pesa zake ni kujitafutia ufukara. Kwa hivyo hufundisha. Kila saa anayoketi kando ya mwanafunzi huandikwa katika kitabu cha mwanafunzi na huandikwa pia katika kitabu chake yeye mwalimu, hata kama mikono yake haikugusa usukani. Mshahara wenyewe si wa kujivunia. Wengi hulipwa kwa saa, na saa huhesabiwa na mita iliyo ndani ya ndege. Injini ikizimwa, mshahara nao umezimwa. Mvua ikinyesha wiki nzima, mwalimu hula mikate mikavu.

Hapo ndipo mzazi anapopaswa kufungua macho. Mita ileile inayomlisha mwalimu ndiyo inayomla mwanafunzi. Mwalimu mwaminifu hukaa na mwanafunzi wake darasani, injini ikiwa imezimwa, amchoree njia ya kutua ubaoni mara tano mpaka aielewe, kisha ndipo wapande ndegeni. Asiye mwaminifu humpandisha haraka akajifunzie huko juu, ambako kila dakika ina bei. Wote wawili wapo, kama walivyo mafundi wa magari wa aina mbili pale Grogan.

Wiki za mwanzo zina vichekesho vyake. Ndege ndogo ya kufundishia, kama ile Cessna 172 ambayo imekuwa ikiruka tangu 1955, ikiwa ardhini huelekezwa kwa miguu. Usukani wa mkononi hauna kazi hapo. Mwanafunzi aliyezoea kuendesha gari hukata usukani kushoto kwa nguvu zote huku ndege ikiendelea mbele kwa utulivu kuelekea kwenye nyasi. Wengine, hasa wanaotoka miji mikubwa ambako treni na mabasi yanatosha, hawajawahi kuendesha gari lolote. Hao, walimu husema, wakati mwingine huwa rahisi kuwafundisha, maana hawana la kusahau kwanza.

Kisha huja redio, na hapo kicheko hupungua.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilianza Machi 2008 kuwataka marubani wa safari za kimataifa wapimwe Kiingereza. Ngazi ni sita, na ya nne ndiyo ya chini inayokubalika. Aliye katika ngazi hiyo hupimwa tena kila baada ya miaka mitatu. Kiingereza chenyewe cha redio si kile cha kuandikia insha. Ni maneno machache, makavu, ambayo kila moja lina maana moja. Hata namba zina matamshi yake. Tisa hutamkwa "naina" ili isisikike kama tano. Tatu hutamkwa "tri", na elfu "tausandi". Wale tuliochekwa shuleni kwa sababu ndimi zetu hazikuiweza ile "th" ya Waingereza, kumbe tulikuwa tukizungumza kirubani!

Mwongozaji wa ndege aliye mnarani akitoa amri, rubani hana budi kuirudia neno kwa neno. Mwanafunzi mgeni hujifunza kurudia upesi sana. Masikio yake hunasa sauti, mdomo wake huzitoa zilezile, na mnara huridhika. Lakini je, ameelewa? Ameambiwa asimame kabla ya barabara ya kurukia, naye amerudia vizuri kwamba atasimama kabla ya barabara ya kurukia, na ndege inazidi kwenda. Mwalimu hukanyaga breki. Anamgeukia na kumuuliza, "Umeelewa uliyoambiwa?" Mwanafunzi anajibu bila kusita, "Ndiyo, mwalimu."

Ndugu msomaji, "ndiyo" hiyo ndiyo inayomkosesha usingizi mwalimu wa wageni kuliko upepo na radi.

Tusiwacheke Wachina na Wasaudi. Sisi wenyewe tumelelewa vivyo hivyo. Mtoto wa Kiafrika mwenye adabu hamjibizani na mkubwa wake. Mwalimu akiuliza darasani, "Mmenielewa?", darasa zima huitikia, hata yule wa nyuma aliyekuwa amesinzia. Kusema "sijaelewa" ni kujiaibisha mwenyewe, na pia ni kumwambia mwalimu kuwa hakufundisha vizuri. Mchukue kijana aliyelelewa hivyo, ambaye mjomba ameuza shamba ili amsomeshe, umketishe kando ya mgeni katika nchi ya watu huku mita ikihesabu dola. Atasema "ndiyo" hata akiulizwa kama mbingu ni kijani.

Ardhini heshima hiyo ni pambo. Juu inaweza kuua. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya shirika la Avianca kutoka Kolombia ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja ikingoja nafasi ya kutua New York. Mafuta yalikuwa yakiisha. Marubani waliwaambia waongozaji kwamba wanahitaji kupewa kipaumbele, lakini lile neno rasmi la kutangaza hatari, ambalo lingewafanya waongozaji wafagie njia yote, halikutamkwa. Injini zikazima kwa kukosa mafuta na ndege ikaanguka katika kisiwa cha Long Island. Watu 73 walikufa.

Nasi tuna yetu. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways iliyokuwa ikija Nairobi kutoka Abidjan kupitia Douala, Kamerun, ilianguka muda mfupi tu baada ya kuondoka Douala, ikaua wote 114 waliokuwamo. Nani asiyekumbuka majonzi ya siku zile? Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa 2010 ilieleza kwamba giza lilikuwa totoro, ndege ikaanza kulala polepole upande wa kulia bila marubani kutambua, na mtambo wa kujiendesha ambao rubani mkuu aliudhania umeshika kazi haukuwa umewashwa. Miongoni mwa mambo yaliyochangia ripoti ilitaja ushirikiano hafifu baina ya marubani wawili hao. Sitaki kuwahukumu marehemu, na ajali haina sababu moja. Ila walimu wa urubani huisoma ripoti ya namna hiyo na kujiuliza: rubani msaidizi hufundishwa lini kumwambia mkubwa wake, "Hapana, mtambo haujawaka"? Jibu lao ni kwamba hufundishwa mapema, katika ndege ndogo ya viti viwili au vinne, na mwalimu anayempokea akiwa bado anaogopa kuinua macho.

Hufundishwaje? Kwanza kwa kufuta swali la "umeelewa?" kinywani. Mwalimu mzoefu humwambia mwanafunzi, "Nieleze kwa maneno yako mwenyewe tunakwenda kufanya nini." Asiyejua hawezi kujificha hapo. Pili, hujifanya mjinga kwa makusudi. Humwonyesha mwanafunzi mwelekeo usio sahihi, au husahau jambo katika orodha ya ukaguzi, halafu hungoja aone kama atasahihishwa. Mara ya kwanza mwanafunzi hukaa kimya na kumtazama kwa huruma. Mara ya tatu, kwa sauti ndogo: "Samahani, mwalimu, nadhani..." Siku hiyo mwalimu hununua soda.

Tatu ni utaratibu wa kukabidhiana usukani, nao hauna mzaha. Mmoja husema, "Ndege ni yako." Wa pili hujibu, "Ndege ni yangu." Wa kwanza hurudia tena, "Ndege ni yako." Mara tatu, kila wakati, hata kama wako wawili tu na hakuna anayesikia. Maana jambo baya kuliko watu wawili kugombea usukani ni watu wawili kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyeushika.

Sehemu ngumu kuliko zote haionekani kwa macho. Ndege inashuka kutua, mwanafunzi ameishika, na mwalimu ameweka mikono mapajani. Barabara inakuja. Mwanafunzi amechelewa kuinua pua ya ndege. Je, mwalimu achukue sasa? Akichukua mapema, mwanafunzi hatajifunza kamwe, na atakwenda nyumbani akijua kwamba hakuaminiwa. Akichelewa kidogo, gurudumu la mbele litavunjika, au vibaya zaidi. Ni sekunde moja, pengine mbili. Na akiwa na mgeni ana mzigo mwingine: mtu akishikwa na hofu hurudi katika lugha ya mama yake. Maelezo marefu ya Kiingereza wakati huo ni kelele tu. Kwa sababu hiyo hukubaliana kabla ya kuondoka ni neno gani moja fupi ambalo likisikika mwanafunzi ataachilia kila kitu. Wako walimu waliojifunza neno hilo kwa Kichina, Kiarabu na Kihindi, na hawajui neno jingine lolote katika lugha hizo.

Halafu ifike siku ya kumwachia aruke peke yake. Mwalimu hutia sahihi katika kitabu cha mwanafunzi, hufungua mlango na kushuka injini ikinguruma. Kwa kawaida mwanafunzi huzunguka uwanja na kutua mara tatu. Mwalimu husimama kando ya uwanja na redio mkononi, uso mkavu kama hana habari. Ndege ikiwa imepungukiwa na uzito wa mtu mmoja hupanda haraka kuliko siku zote, na mwanafunzi hushtuka. Hilo mwalimu amemwonya, lakini kuonywa ni kitu kimoja na kiti kitupu ni kingine. Akishatua salama, Wamarekani wana mila ya kumkata kipande cha shati mgongoni, kukiandika tarehe na kukibandika ukutani. Husemekana asili yake ni zile ndege za zamani ambamo mwalimu aliketi nyuma na kumvuta mwanafunzi shati ili amsikilize. Sasa hana haja ya kuvutwa, shati la nini? Mgeni asiyejua mila hiyo huona watu wakimjia na mkasi, na hapo huogopa kuliko alivyoogopa angani.

Lakini wapo wasiokatwa shati. Sheria ya Marekani yasema leseni ya kwanza ya rubani wa kibinafsi huhitaji saa 40 kwa uchache, nao wazazi huisoma namba hiyo kama bei ya nyanya sokoni. Wengi huhitaji saa 60 au zaidi. Mwanafunzi aliyefika saa 50 na bado hawezi kutua bila msaada anaweza kuwa anachelewa tu, au anaweza kuwa si wa kazi hii. Kwa mzaliwa wa pale, kuacha ni kurudi kwao Jumatatu na kutafuta kazi nyingine. Mgeni ana viza ya mwanafunzi, ambayo masomo yakikatika nayo hukatika. Tangu mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ambapo baadhi ya watekaji nyara walikuwa wamejifunza urubani huko huko Marekani, mgeni huchunguzwa na kuchukuliwa alama za vidole kabla ya kufundishwa. Amepita hayo yote. Na nyumbani kijiji kizima kinamwita "rubani" tayari.

Mwalimu ana uwezo wa kuendelea kumpandisha ndegeni mwezi baada ya mwezi, mita ikihesabu, yeye mwenyewe akikaribia zile saa zake 1,500. Hakuna atakayemshitaki. Vyuo vizuri huweka kinga: baada ya kila hatua mwanafunzi hupimwa na mwalimu mwingine, asiyemjua. Lakini neno la kwanza la ukweli hutoka kwa yule aliyeketi naye kila siku, na kumwambia kijana wa watu kwamba pesa za shamba zimekwenda bila leseni si kazi aliyofundishwa katika mtihani wowote.

Kwa hivyo, mzazi, kabla ya kutuma pesa chuo chochote, kiwe Florida, Port Alfred kule Afrika Kusini, Addis Ababa au hapa Wilson, uliza mambo ambayo hayamo katika picha zao za kupendeza. Nani humpima mwanafunzi pamoja na mwalimu wake? Saa zikizidi kiwango cha chini, ni nani hulipa, na utaarifiwa ukiwa umebakiwa na kiasi gani? Mwanao apimwe afya ya daraja la kwanza kabla ya karo, si baada. Na usimpigie simu kila wiki kumuuliza amefika wapi. Akikujibu "vizuri, mama", utakuwa umepata ile ile "ndiyo" ya mwalimu.

Uliza pia kuhusu kurudi. Leseni ya kigeni hubadilishwa hapa kwa mitihani ya mamlaka yetu, na anga yetu ina mitihani yake pia. Florida iko karibu sawa na bahari. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu yake, hewa ni nyepesi, na injini ndogo hupoteza sehemu moja kwa sita hivi ya nguvu zake. Ndege hukimbia ardhini mbali zaidi kabla ya kuinuka. Kijana aliyerudi na leseni yake mpya hulazimika kuketi tena na mwalimu, safari hii Mkenya mwenzake, ambaye pengine asubuhi hiyo alikuwa na mwanafunzi kutoka nchi jirani.

Jambo la mwisho la kuuliza ni hili: mwalimu wa mwanangu ana saa ngapi? Si kwamba saa chache ni kosa. Ni kwamba akiwa na 1,400, mwezi mmoja au miwili ijayo shirika la ndege litamwita na ataondoka, katikati ya kozi. Mwanafunzi atapewa mwingine, mwenye lafudhi nyingine, neno jingine la dharura, na asiyejua bado "ndiyo" yake ina maana gani. Waulize watafanyaje siku hiyo, na uwaombe jibu kwa maandishi.